Ile Picha Niliyoikata Ukingo

Kaka Deo wangu,

Nimechoka, lakini Neema amelala kidogo mchana huu, basi nikuandikie. Huu ni mwaka wa pili tangu ugonjwa wa kifua ukuchukue, na bado sijakushukuru vizuri.

Nilifika kwako South Beach na tumbo la miezi saba na begi moja. Ulinipa kitanda chako, wewe ukalala sebuleni chini ya picha zako za kutisha: ule mkono unaotoka kaburini, wa filamu ya zamani, na yule nesi asiye na uso, wa gemu uliyocheza hadi vidole vikauma. Nikakuuliza kwa nini hununui picha ya maua kama watu wengine.

"Maua yanakufa, mdogo wangu. Huyu hafi, alishakufa."

Nikataka kukufurahisha. Siku moja ulipokuwa kazini, kwenye lile duka la simu la Isipingo, nikanunua fremu. Picha ya nesi ilikuwa ndefu, haikuingia. Nikachukua mkasi, nikakata ule ukingo mweupe wa chini. Nilijuaje mimi kwamba picha hizo huchapwa chache tu, na kwamba pale chini ndipo palipokuwa na namba ya nakala na sahihi ya mchoraji kwa penseli? Kumbe wakusanyaji wenzako huangalia hapo kabla ya kuangalia picha yenyewe.

Ulirudi, ukasimama mbele yake bila hata kuvua begi. Mimi nikaanza kulia. Nilikuwa nimetoka kwa mwanaume aliyenifukuza kwa kosa dogo kuliko hilo.

"Eish, dada," ukasema mwishowe, "umeitahiri picha ya watu!"

Tukacheka hadi mtoto akanipiga teke tumboni. Kisha ukatafuta msumari. "Bon, sawa. Sasa hakuna mtu ataitaka. Iko yetu." Hukunikumbusha tena kosa lile, hata siku tulizogombana. Asante, kaka. Sikujua kama mtu anaweza kusamehewa hivyo, bila kulipishwa polepole.

Sasa sikia. Mama Furaha wa kikundi cha maombi, anayenishikia Neema nikienda kazini saluni, alikuja kwangu Jumamosi. Akamwona nesi.

"Mama Neema, hii kitu iko ya shetani. Uichome, ama mtoto asikuje kwangu tena."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Bila yeye sina wa kumwachia mtoto, na nikikosa wa kumwachia, sina kazi. Hata hivyo nilimjibu.

"Mama, nakuheshimu. Siku Neema akiiogopa, nitaitoa ukutani mwenyewe. Lakini kuichoma, hapana. Ni ya kaka yangu."

Akaondoka, chai akaiacha nusu.

Jumapili yote sikula vizuri. Jumatatu asubuhi nikambeba Neema, nikagonga kwa Mama Furaha nikiwa tayari kwa kurudishwa. Alifungua. Hakunisalimu. Akamvuta mtoto ndani, akamuuliza kama amekunywa uji. Nikageuka niende zangu, akaniita.

"Huyo kaka yako, alikuwa mtu wa namna gani?"

Nilichelewa kazini siku hiyo, kaka. Nilisimama pale mlangoni nikamwambia yote.

Pumzika. Huku tunakutaja.

Mdogo wako,
mama yake Neema