Kadi ya nyimbo bado imebandikwa

Shoga, uko? Nimetoka kwa mchumba wangu sasa hivi, machozi hayakauki.

Unaikumbuka ile simu ya muziki niliyompa, ya zamani, kioo kikubwa kama sinia? Nyimbo nilizomwimbia mwenyewe niliziweka kwenye kadi ya memori, nikaibandika nyuma ya simu kwa selotepu ili isipotee.

Bado imebandikwa! Hajaichomeka hata siku moja!

Na kila asubuhi: "Mpenzi, jana nimelala na sauti yako, umeniliza." Kila asubuhi, shoga! Nami nikaamini kila neno.

Nimeibandua mbele yake, nikatoka na kadi na simu yenyewe. Akaniita. Moyo ukaruka, nikajua sasa ananiomba msamaha.

"Simu si unaniachia? Nimeshamuahidi dogo wangu, anataka kuchezea gemu."