Uvimbe wa Mama

Alhamisi, Lushebere

Kumbe si sumu. Tangu tumbo la mama lianze kuvimba, kaka yangu Bahati anaapa kwamba jirani yetu, Mama Furaha, alimtilia sumu katika maziwa. Jumapili tulimzuia Bahati mlangoni, panga mkononi, akitaka kwenda kwake.

Leo nimempeleka mama hospitali kwa pikipiki, kwenye ile barabara mbaya. Wakampiga ekografi, ile picha ya ndani ya tumbo. Dokta akatugeuzia ekra ya mashine, akatuonyesha duara jeusi.

"Hii njo inakuumiza, Mama. Ni kiste, mufuko wa maji kwenye ovari. Tutaitoa wiki ijayo."

"Si sumu?"

"Hapana, Mama."

Mama alilia, halafu akacheka. Mimi naogopa hiyo operesheni. Umri wake, damu, na kama hataamka...

Nyumbani nilimpa Bahati picha ya ekografi tuliyopewa na dokta. Aliitazama, kisha akatoka kwenda kwa Mama Furaha. Nikamfuata mbio, roho juu. Nilimkuta amepiga magoti.

"Mama, unisamehe. Mama yetu iko na kiste tu."

Mama Furaha akamwinua, akauliza, "Watamupasua siku gani? Nitaenda kulala naye kule hospitali."