Jeep ya Papa Haijakufa

Yaya Masika, dada yangu mkubwa, mumeamka salama kule Butembo? Hapa Goma ziwa limetulia, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ni tamu sana.

Juzi jeep aliyotuachia marehemu papa ilizimika mtaani Himbi, mvuke ukifuka mbele. Fundi wa kwanza akasema motere, yaani injini, imekufa, nyingine ni dola mia nane. Nilikaribia kulia, nikawaza kuiuza kama chuma. Kisha mama mmoja fundi akafungua kapo, kile kifuniko cha mbele, akachungulia, akacheka, akaniita papa kwa heshima:

"Papa, motere iko muzima! Ni mupira wa maji tu umepasuka."

Akaubadilisha kwa dola kumi na tano. Nilipowasha, ikanguruma vilevile kama wakati papa wetu alipokuwa akija kutuchukua masomoni. Sikuondoka upesi, nilikaa nikiisikiliza.

Nibusie watoto wote.

Mdogo wako,
Mbusa