Nassor, Hatukukwambia

Al Hail, Muskati
Alkhamisi, baada ya alasiri

Nassor, sahibu yangu,

Nnakuandikia kwa kalamu ya wino, kama tulivyokuwa tukiandikiana ulipokuwa Mombasa na mimi Kairo, na hakuna kati yetu aliyejua kama ataiona tena Unguja. Barua zile zilichukua mwezi kufika. Hii sijui. Mwaka na miezi miwili imepita tangu tukuzike, na kila nikitaka kuianza nnashikwa na haya, ingawa chumbani nimo peke yangu.

Nianze na khabari za timu, maana ndizo ungeziuliza kwanza.

Uwanja wetu wa mchanga haupo tena. Zimejengwa nyumba tatu za ghorofa, na pale lilipokuwa goli la upande wa bahari sasa pana geti la chuma la mtu nisiyemjua. Timu inacheza kwenye majani, uwanja wa kuazima nyuma ya skuli. Mistari inachorwa kwa rangi nyeupe na kigari cha magurudumu, mara moja kazi imekwisha. Vijana wanaitana kwa Kiarabu kitupu. Juzi nilimpigia mmoja kelele, "Mgongoni kwako, mgongoni!" Akanigeukia kwa adabu, akanipungia mkono, akaendelea kukimbia. Mpira ulipita mgongoni kwake.

Unakumbuka Kiswahili ndicho kilichokuwa silaha yetu? Ulikuwa ukisimama ubavuni mwa uwanja ukitoa mipango yote kwa sauti, wazi kabisa, na timu za mitaa mingine hazifahamu hata neno. Kocha wao mmoja alikwenda kumshitakia refa kwamba unawasomea uganga. Refa akaja kukuuliza unasema nini. Ukamwambia, "Nnawakumbusha wamche Mungu."

Na Saidi, winga wetu, yule uliyembandika jina la Bwana Harusi kwa sababu hakupenda kuufuata mpira. "Wewe Bwana Harusi, unangoja uletewe kwa ngoma?" Uwanja mzima ukicheka, na yeye akicheka, kisha ndipo akimbie. Na mamake alivyokuja juu siku ile kwa ajili ya mistari yako! Ulikuwa ukitoka gereji yako ya mtaa wa Ghala na debe la oili chafu nyuma ya pikapu, ukiimwaga kidogo kidogo juu ya mchanga na kuisawazisha kwa kipande cha ubao, ukipima kwa hatua. Kila aliyeanguka alirudi kwao na doa jeusi. Yule mama akakujia mbele ya watu: "Nassor, kama mimi hunionei haya, ionee haya sabuni yangu!" Ukamwitikia, "Naam, dada," na wiki iliyofuata ukachora tena.

Nnachelewesha. Unanijua. Hebu nilifikie.

Msimu ule, katikati ya miaka ya tisini, tulianza vibaya na tukaendelea vibaya zaidi. Tulifungwa na timu tulizokuwa tukizifunga kwa mzaha. Vijana wapya walikuwa wamezaliwa hapa. Kiswahili walikifahamu cha kuombea chakula kwa bibi zao. Cha uwanjani, kile cha haraka chenye mafumbo ya Ng'ambo na Malindi za Unguja, kiliwapita. Ukisema "mtegee," mmoja anasimama, wa pili anarudi nyuma, wa tatu anakuuliza. Na wewe ulikuwa huachi. Ulikuwa ukisema, "Watajifunza. Sisi tulijifunza Kiarabu kwa miaka yetu arubaini, hawa watashindwa Kiswahili kwa kumi na minane?"

Kamati ya timu ilikutana mtaa wa Qurum, nyumbani kwa mwenyekiti. Tulikuwa saba, sote wa visiwani, sote tumekula kwako. Ikapigwa kura ya kukutoa kwenye ukocha katikati ya msimu na kumchukua yule Msudani, Ustadh Idris. Nassor, na mimi nilinyoosha mkono. Hakuna aliyenilazimisha. Niliona kweli tunashuka daraja, na niliona kweli vijana hawakufahamu. Hilo sikuombei radhi. Ingekuwa uwongo.

Kisha ikaja, nani atamwambia? Watu saba, kila mmoja akatazama kikombe chake. Mwenyekiti akasema, "Mwendee weye. Weye nduguye. Likitoka kwako halitamuuma." Nikasema sawa.

Nilikuja kwako Jumatano. Ulinipokea mlangoni, ukanishika mkono mpaka ndani, mkeo Bi Zuwena akaleta tende, halwa na kahawa. Ukaniuliza kama inavyoulizwa, "Khabari?" Nami nikajibu kama inavyojibiwa, "Njema." Ndivyo tulivyolelewa. Mtu anaweza kuwa ametoka kumzika babake, akaulizwa khabari mlangoni, akasema njema, kisha ndipo baada ya kukaa na kunywa aseme, ila baba hatunaye. Mlango wa kulisema jambo uko palepale kwenye ile "ila". Mimi niliingoja ile ila yangu, na haikuja.

Ulisema, "Nasikia mlikutana."

"Tulikutana."

"Mkasemaje?"

"Maneno ya siku zote."

Ukafurahi. Ukazipanga kokwa za tende juu ya sinia, timu yetu na timu tutakayocheza nayo, ukanieleza kwa saa nzima jinsi utakavyomsogeza Saidi katikati ili asipate pa kungojea. Macho yako yalikuwa ya mtu wa miaka ishirini. Na mimi, Nassor, nilinyoosha kidole, nikaisukuma kokwa moja ya beki, nikakwambia, "Huyu naye arudi kidogo." Ukasema, "Ahsante, hilo sikuliona."

Hilo ndilo linaloniamsha. Kura nnaweza kuibeba. Kokwa ile siwezi.

Nilipoondoka nilijiambia umefahamu. Nilijiambia mtu mzima huambiwa kwa kimya. Mwenyekiti akanipigia simu, akauliza, "Umekwenda?" Nikasema, "Nimekwenda." Hakuuliza zaidi, kwa haya zake, na mimi sikuongeza, kwa haya zangu. Watu wenye adabu mno, sisi. Saba katika mji mmoja, na hapakupatikana hata mmoja mwenye utovu wa kutosha kukwambia ukweli.

Jumamosi baada ya alasiri Ustadh Idris alikuwa amekwishawapanga vijana mstari mmoja. Nilikuwepo, nimesimama na wajumbe wengine watatu, tukizungumza juu ya joto. Pikapu yako ikaingia. Ukashuka na suruali yako ya mazoezi na firimbi shingoni. Ukamwona yule mtu. Ukawaona vijana wanavyotazama chini. Kisha ukanitazama mimi. Hukutazama mwengine yeyote, mimi tu, na muda wake ulikuwa mfupi kuliko ninavyoandika sentensi hii.

Ulikwenda ukampa mkono Idris. Ukamuuliza khabari zake, za safari, za watoto. Ukaivua firimbi ukaitia mfukoni kama mtu anayejifuta jasho. Halafu ukarudi garini, ukateremsha debe, ukaanza kuchora mistari. Uwanja mzima, Nassor. Umeinama, unapima kwa hatua, mguu kwa mguu, kona mpaka kona, na vijana ishirini wanangoja, na sisi wazee tunaendelea na joto letu. Idris, maskini, alimgeukia mwenyekiti akamuuliza kwa Kiarabu, "Huyu mzee ndiye mtunza uwanja?"

Mwenyekiti akasema jua la leo ni kali. Na mimi nikasema ni kali kweli.

Ukachora kila wiki mpaka mwisho wa msimu. Idris alifungwa mara mbili, wakaanza kumnung'unikia na yeye, mmoja katika kamati akataka tubadilishe tena. Halafu timu ikashika. Mechi ya mwisho tulihitaji sare tu tusishuke. Wewe ulikaa nyuma ya pikapu, upande wa pili, mbali na sote. Dakika za mwisho wenzetu walitujia kama mafuriko ya wadi, bonde kavu linalojaa ghafla, na Saidi amesahau kurudi, upande wake wote mtupu, na wewe umeliona kabla ya mtu yeyote. Mimi nilikuwa nikikutazama wewe, si mpira. Ulisimama, ukafungua mdomo, kisha ukauziba kwa kiganja chako mwenyewe. Ukauzuia mdomo wako hivyo mpaka firimbi ya mwisho, kwa sababu timu haikuwa yako tena kuipigia kelele. Tulipata sare. Watu walikumbatiana. Mkono ulipouteremsha, kwenye shavu palikuwa na alama nyeusi ya oili, na ukaja kutupa mkono wa pongezi mmoja mmoja, nami pia.

Tulikuwa na haki ya kukutoa. Namna ile hatukuwa na haki nayo.

Na baada ya hapo, miaka kumi, hukuninunia hata siku moja. Ulinialika, nikakualika. Tuliozeshana watoto, tulikwenda Unguja pamoja ile mara moja tukatafuta nyumba zetu, tukakuta yako ina duka la simu na yangu haina paa, tukacheka mpaka tukalia. Nafasi ngapi nilizipata? Ndani ya ndege tulikaa bega kwa bega. Nikakusomea gazeti. Hata hospitali, siku tatu kabla, chumba kimejaa wanao, uliniita karibu ukaniuliza timu inaendeleaje. Nikakwambia matokeo. Ukafumba macho ukatabasamu, na mimi nikaupangusa mkono wako kwa taulo kama vile hiyo ndiyo kazi iliyonipeleka.

Sasa sikiliza lililotokea mwezi huu, maana ndilo lililoniketisha kwenye karatasi.

Msimu huu mambo yameharibika tena, na kocha wetu ni nani? Saidi. Bwana Harusi mwenyewe, ana kitambi na watoto wanne, na anawagombeza vijana kwa kungojea mpira. Kamati imekaa, wengi wao watoto wa wale wale, ikaamua kumbadilisha. Wakanijia mimi, mzee wao, wakaniambia, "Ami, umwambie weye. Wewe unajua kusema na watu." Nusura niwacheke.

Nilikwenda kwake palepale kabla moyo haujanigeuka. Akafungua mlango kwa furaha: "Karibu, karibu ami, khabari za siku nyingi?" Nikamwambia hapo hapo nje, na viatu mguuni, "Si njema, mwanangu. Kamati imekutoa. Jumamosi atakuja mwengine. Nami nimekubaliana nao, nimekuja nikwambie mwenyewe usije ukayakuta uwanjani."

Alinitazama kama nimemtemea mate. Akasema, "Mtu mzima na mvi zako, unakuja kunivunjia heshima mlangoni kwangu? Hata kukaa? Mwalimu Nassor angekuwa hai asingenifanyia haya." Akafunga mlango. Mamake, bado yuko, ana ulimi ule ule, akanipigia simu kabla sijafika nyumbani: "Hata maji ya kunywa hukutaka kwetu! Uzee umekula na adabu?" Msikitini watu wawili wamenisalimia kwa ncha za vidole.

Jumamosi nilikwenda uwanjani mapema, nikakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na lango. Kocha mpya akaja. Vijana wakaja. Kila gari iliyopunguza mwendo nilinyanyuka. Nilikaa mpaka adhana ya magharibi.

Saidi hakuja, Nassor. Alikuwa nyumbani kwake, amekasirika, kati ya watu wake, na hapakuwa na mtu wa kumtazama akiaibika.

Nilirudi nikakuombea dua, kisha nikaona dua peke yake inanipa raha nisiyoistahili. Haki yako iko juu ya shingo yangu, na wewe huwezi tena kunisamehe wala kunikatalia. Waliobaki ni Bi Zuwena na wanao. Kwao mimi ni yule aliyekushika mkono hospitali. Wanangu wanaambiwa na wanao, "Baba yenu na baba yetu walikuwa kitu kimoja." Kila Ijumaa Bi Zuwena ananiletea mkate wa ufuta, bado wa moto, umefungwa kitambaa, na mimi naupokea.

Kesho nitaswali Ijumaa, kisha nitakwenda kwenu. Nakuahidi nitaanza kusema kabla sijakaribishwa kukaa. Nitawaeleza Jumatano ile, na kokwa, na vile nilivyosimama nikizungumza juu ya joto wewe umeinama unapima uwanja. Watakaloamua ni lao. Mwanao mkubwa ana hasira zako za ujana, na Bi Zuwena sijapata kumwona akikasirika, kwa hiyo yeye ndiye ninayemwogopa.

Mola akupe wasaa huko uliko, ndugu yangu, na akukutanishe na wale tuliowaacha Unguja bila kuwaaga. Mimi nakuaga vizuri safari hii. Mkate wa wiki iliyopita nimeula wote, mpaka makombo, kwa sababu huenda usiletwe mwengine.

Ndugu yako,
Suleiman