Kiwiko cha Bibi Yako

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Masumbwe nzima hakuna aliyeishinda korona kama mimi. Ilikuwa ikiniona inavuka barabara. Huku wazima wote, ng'ombe wetu kazaa. Na usicheke eti babu yako ana miaka ishirini na sita. Babu ni babu.

Unauliza kwa nini bibi yako, dada yangu aliyenilea, hunisalimia kwa kiwiko mpaka leo. Unanichosha na maswali!

Mwaka ule wa korona nililinda ndoo ya kunawia mlangoni pa saluni yangu. Watu wabishi, we acha tu! Mchimbaji mmoja akanijibu, "Nimekula vumbi la shimoni miaka yote, hako kadudu kataniweza?" Nikamfukuza. Ndipo dada akashuka bodaboda kutoka Bulyanhulu, kuku kwapani, akaninyooshea mkono. Mimi, bosi wa ndoo, nikamtolea kiwiko. "Nawa kwanza, mama!" Wateja wakacheka. Akamweka kuku chini, akapanda bodaboda ileile, akarudi kwake.

Na nilikuwa sahihi kabisa! Lakini kila nikienda kumwamkia, nikinyoosha mkono, ananipa kiwiko. Mkono ulionilisha ugali, Kulwa, niliukataa mbele za watu.

Babu yako