Mama Aliposogea Karibu na Theremini

Dada Karimi,

Nianze na lile linalonichoma. Jumapili ya ibada ya kukukumbuka, pale kijijini Kibugu, nilimfokea Mama mbele ya kanisa zima. Kwa maikrofoni. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza kitu, na huko kunyamaza kwao ndiko kunanifanya nitembee mjini Embu nikiangalia chini.

Waliniomba nipige wimbo ule uliokuwa unaupenda, kwa theremini yako, kile chombo kinacholia bila kuguswa. Mchungaji alisema watu wameikosa ile sauti. Ningekataa, lakini Mama alikuwa amekaa hapo akinitazama, nikasema sawa. Nikaileta hapa kwangu mjini Embu, mtaa wa Dallas, nikaiweka juu ya meza sebuleni: lile sanduku dogo la mbao, antena ya kusimama upande mmoja na ile iliyopinda kama pete upande wa pili. Nikasogeza mkono, ikalia. Ikalia vibaya.

Wewe uliifanya ionekane rahisi. Baridi yabisi ilipokukunja vidole hadi ukashindwa na kinanda cha kanisa, tulidhani muziki umekuishia, mpaka nikakutafutia hiki chombo kisichoguswa. Ulipiga kwa ngumi iliyofunguka nusu, hewani tu. Ukiisogeza karibu na antena sauti inapanda, ukiirudisha inashuka. Nakumbuka ulipopata ubeti mzima mara ya kwanza. Ukaniambia, "Muriithi, hiki kitu hakijui kama mkono wangu ni mbovu." Ukacheka hadi chai ikamwagika.

Mimi na vidole vyangu vizima sikuweza hata mstari mmoja. Basi nikageukia midi, ile lugha ya kuiamrisha kompyuta ipige muziki, ambayo wewe hukuipenda kamwe. Niliazima kifaa kwa rafiki yangu mwenye studio. Kinasikiliza theremini na kuigeuza iwe maagizo kwa kompyuta: piga noti hii, sasa, kwa nguvu hii, acha. Halafu kompyuta inatoa sauti safi ya fidla. Nikaipanga ivute kila sauti iliyopotoka hadi kwenye noti iliyo karibu. Nilitaka wasijue kwamba siwezi. Hiyo peke yake ni aibu, hata kabla ya kufika kanisani.

Shida ni kwamba mkono ulioko hewani hauna noti. Kinanda ukibonyeza, noti imeanza, ukiachilia, imeisha. Lakini wewe ulikuwa unateleza kutoka sauti moja hadi nyingine vile mtu anavyovuta wimbo, hakuna mahali pa kukata. Midi inataka kukata. Nilipoteleza, kompyuta ilipanda ngazi, noti kwa noti. Nikitikisa mkono kidogo ili sauti iwe na uhai kama yako, inashindwa kujua niko kwenye noti gani kati ya mbili, inazigonga zote kwa zamu. Tena inachelewa, mkono umeshafika, sauti bado iko njiani. Nilirekebisha na kurekebisha mpaka ikakubali. Peke yangu sebuleni, nimesimama pale pale, iliimba vizuri.

Lakini kanisa lilijaa, Dada. Theremini inahisi kila mwili ulio karibu nayo, mimi na wewe tunajua hivyo. Niliipima na kuirekebisha asubuhi kabla watu hawajaingia. Kisha wakaingia, kwaya ikajipanga nyuma yangu, na kila kitu kikahama. Mstari wa kwanza ulipita. Wa pili mikono ikaanza kutetemeka, kwa woga. Kompyuta ikasoma kila mtetemo kuwa noti mpya. Ti-ti-ti-ti, kama simu ya mtu aliyesahau kuizima. Kuna mtu akacheka huko nyuma.

Mama akainuka. Nikamwona akija, shuka mabegani, mkono ameunyoosha. Kadiri alivyokaribia ndivyo sauti ilivyopanda, mpaka ikawa kelele ya kuumiza masikio. Maikrofoni ilikuwa hapo mbele ya mdomo wangu. Nikasema, "Mama, toka hapa! Unaharibu!"

Spika zikapeleka hayo maneno hadi barabarani.

Alisimama. Akaitazama mikono yake, kama mtu aliyeambiwa ina uchafu. Kisha akarudi, akaketi, akaificha ndani ya shuka. Kwaya ikaanza kuimba. Mimi nikachomoa nyaya, nikaondoka bila kula, bila kumuaga yeyote. Ibada ya binti yake, Karimi. Yako. Na mimi ndiye niliye...

Nilikaa siku kadhaa ndipo nikapata nguvu ya kwenda nyumbani. Nilimkuta shambani anachuma majani ya chai. Nikasema, "Mama, nisamehe." Hakusimamisha mikono. Baadaye akasema, "Nilidhani unatetemeka kwa baridi. Nilikuwa nakuja kukushika mkono."

Akachuma mstari mzima wa michai, kisha akaongeza, "Karimi alikuwa ananiwekea kiti hapo kando yake. Aliniambia nisiinuke mpaka amalize."

Hukuwahi kuniambia. Kumbe hukuipima theremini ukiwa peke yako kama mimi. Uliipima Mama akiwa ameketi hapo, na ndani ya kila sauti uliyoitoa yeye alikuwemo.

Hakusema amenisamehe. Alisema kikapu kimejaa, nikibebe. Nikakibeba hadi kituo cha kuuzia majani, na kwenye foleni walikuwapo wanawake wale wale wa kanisani. Walinitazama, kisha wakamtazama yeye. Mama akawasalimia, akasema, "Huyu ni kijana wangu, amekuja kunisaidia," akanishika mkono mbele yao. Dada, hapo niliona aibu kuliko Jumapili ile. Laiti angenitukana.

Kile kifaa nimekirudisha kwa mwenyewe. Nimezungumza na mchungaji, amekubali kunipa nafasi Jumapili ijayo. Nitashika maikrofoni ile ile nimwombe Mama radhi, na nitasema kwa Kiembu, kwa sababu nilimfokea kwa Kiswahili kama afisa anayefukuza mtu mlangoni. Kisha nitamwekea kiti. Akikubali kuketi, nitapiga wimbo wako kwa mkono wangu huu, hata sauti zipotoke, wacheke wakitaka. Asipokubali, nitakaa naye kwenye benchi nisikilize kwaya.

Pumzika, Dada. Nakuahidi sitamwambia tena asogee mbali.

Ndugu yako,
Muriithi