Kikombe Kidogo cha Baba

Jumapili, 9 Machi

Sijawahi kumwambia mtu: nawachukia wageni wetu. Wote. Hata mchungaji.

Leo wamekuja tena baada ya ibada. Ndizi, soda, maziwa lala. Kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu, na mgonjwa asipoonja ni kama amekutukana. Baba ana adabu. Anaonja kila kitu.

Figo zake zimekufa. Jumatatu na Alhamisi Mama humpeleka Kisii, mashine imsafishe damu. Katikati ya siku hizo, maji anayokunywa hayana pa kutokea. Yanakaa mwilini, presha inapanda, moyo unachoka. Muuguzi alituambia waziwazi: kinachowaua wengi wa wagonjwa wake ni moyo na kiharusi. Ndiyo maana Baba alijichongea kikombe kidogo cha jiwe la sabuni. Hicho ndicho kipimo chake.

Shangazi Kemunto, dada yake, amekijaza chai tena na tena.

"Kunywa, Baba Moraa. Nani amewahi kufa kwa chai?"

Wakacheka. Mimi nilikuwa mlangoni na trei. Mwoga mjinga.

Jumatatu, 10 Machi

Presha juu sana. Muuguzi amewakaripia Baba na Mama. Baba akajibu eti wageni ni baraka. Nimekasirika hadi hesabu zimenishinda.

Jumapili, 16 Machi

Miguu ya Baba ilikuwa imevimba tangu asubuhi. Wageni wakaja vilevile.

Nilijilazimisha kusema, "Shangazi, muuguzi alikataza."

"Haya, daktari wetu wa vitabuni! Sasa tumnyime ndugu yetu maji?"

Vicheko. Baba naye akacheka. Halafu soda ikamtoka kwenye pembe ya mdomo. Kikombe kikamponyoka, kikagonga sakafu. Alijaribu kuita jina langu. Hakuna neno lililotoka, sauti tu.

Shangazi akasema ni uchovu, aombewe kwanza, alale.

Nilipiga kelele. Mimi, ambaye darasani hata mkono siinui. "Halali mtu hapa! Ni kiharusi! Gari!"

Mchungaji ndiye mwenye gari. Aliinuka, funguo mkononi.

Jumatano, 19 Machi

Wodini. Mkono wa kulia hauinuki. Ule wa kuchongea. Daktari anasema tuliwahi, huenda ukarudi polepole.

Shangazi ameleta uji. Thamosi nzima! Nilitoka nje nikalia kwa hasira. Nina hasira na Baba pia. Alijua yote. Aliona afadhali afe kuliko kumwambia mtu hapana.

Jumapili, 6 Aprili

Baba yuko nyumbani. Anasema maneno mafupi.

Wageni walikuja. Nilipokea ndizi, nikashukuru, nikazipeleka jikoni. Kikombe kimemeguka ukingoni lakini hakivuji. Nikammiminia Baba chai yake, nikaketi kando yake. Akainywa yote.

Shangazi akanyanyua birika. Baba akanitazama mimi.

Nikafunika kikombe kwa kiganja. Mkono wa shangazi ulibaki hewani kidogo. Kisha akalitua birika, akaniuliza habari za shule.

Nikamweleza. Kiganja sikukiondoa.